Nadhiri za Daima na Barua ya Uhamisho: Masista katika Njia ya Karatu na Ngorongoro

Barabara ya lami inayotoka Arusha kuelekea hifadhi za kaskazini huiacha njia kuu ya Dodoma pale Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini upande wa kushoto, na baada ya Rhotia ikaingia Karatu, mji wa udongo mwekundu ulioko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Wageni wengi hulala hapo usiku mmoja, wakafungashiwa chakula cha mchana, na alfajiri wakaelekea lango la Loduare, ambako hifadhi ya Ngorongoro huanza. Safari inayoelezwa hapa hufuata njia hiyohiyo, ila macho yake yapo kwa watu ambao dereva wa watalii huwapita kila siku bila kuwataja: masista wa Kanisa Katoliki, wanaosubiri daladala kituoni, wanaoendesha gari la kituo cha afya, wanaopalilia mahindi na mbaazi nyuma ya parokia. Kwa mtazamo wa haraka wito wao ni wa kukaa mahali pamoja hadi kufa. Ukiangaliwa kwa karibu, ni wito wa kujifunga maisha yote kwa namna inayomfanya mtu aweze kuhamishwa wakati wowote, na katika eneo ambalo suala la nani abaki na nani ahame limekuwa zito kuliko lolote, jambo hilo linastahili kuchunguzwa.

Katika matumizi ya Kanisa, mtawa ni mwamini aliyejifunga mbele ya Mungu, kwa nadhiri zinazopokewa hadharani, kuyashika mashauri matatu ya Injili: usafi wa moyo, yaani kuishi bila ndoa, ufukara, yaani kutotumia mali kwa uamuzi wake peke yake, na utii, yaani kupokea maagizo ya wakubwa wa shirika kulingana na katiba yake. Wapo watawa wa ndani, ambao huishi katika monasteri na kazi yao kubwa ni sala, na wapo wa mashirika ya kitume, ambao husali kwa saa zilizopangwa na muda uliobaki huutumia hospitalini, shuleni, shambani au parokiani. Masista wanaoonekana kando ya barabara hii ni wa kundi hilo la pili. Sheria ya Kanisa inaongeza tofauti nyingine, kati ya shirika la haki ya kijimbo, lililo chini ya uangalizi wa askofu, na shirika la haki ya kipapa, linalowajibika moja kwa moja Roma. Tofauti hiyo huonekana kuwa ya makaratasi tu, lakini ndiyo inayoamua ni nani mwenye mamlaka ya kumfungua sista aliyeomba kuachiliwa nadhiri zake za daima, kama ni askofu wa jimbo au ni Vatikani.

Mipaka ya kikanisa haifanani na ya utalii. Karatu imo katika Jimbo la Mbulu, lililoanza kama eneo la kimisionari mwaka 1943 na kuwa jimbo kamili mwaka 1953, likihudumiwa kwa muda mrefu na mapadre Wapallotini kutoka Ireland, ingawa misheni ya Mbulu yenyewe ilifunguliwa na Mapadre Weupe mapema zaidi, mwaka 1907. Ngorongoro imo katika Jimbo Kuu la Arusha, lililomegwa kutoka Moshi mwaka 1963 na kupandishwa hadhi mwaka 1999, na uinjilishaji wa Wamasai huko ulikuwa hasa mikononi mwa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Kwa hiyo sista anayepanda kutoka Karatu kupita lango la Loduare hatoki tu kwenye mashamba ya Wairaqw kuingia kwenye malisho ya Wamasai. Hutoka kwa askofu mmoja akaingia kwa mwingine, na ruhusa za kazi yake hubadilika pamoja na hali ya hewa.

Historia ndefu ya masista katika Afrika Mashariki huanzia pwani. Mnamo Desemba 1860 padre Armand Fava aliwasili Zanzibar akiwa na masista sita wa shirika la Binti za Maria kutoka kisiwa cha Réunion, shirika lililoanzishwa mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo, na ambalo tangu mwanzo liliwapokea wanawake waliokuwa watumwa pamoja na wale waliozaliwa huru. Mashirika ya wanawake Waafrika yalifuata taratibu: Bannabikira wa Masaka, Uganda, walitambuliwa mwaka 1910, na katika miaka ya 1930 likaanza, huko Huruma, Rombo, Shirika la Mama Yetu wa Kilimanjaro. Kila shirika lilipoanza, swali la wazazi lilikuwa moja, na halijabadilika sana hadi leo: binti asiyeolewa na asiyezaa atakuwa wa nani?

Kwa Wairaqw, ambao ndio wengi Karatu, swali hilo liliingia katika jamii iliyokuwa na mafunzo yake kwa wasichana. Kabla ya kupigwa marufuku wakati wa utawala wa Waingereza, unyago uliojulikana kama marmo uliwatenga wasichana na familia zao kwa kipindi kirefu, wakifundishwa na wanawake wazima mambo ambayo wanaume hawakuruhusiwa kuyajua, na walitoka humo wakiwa na hadhi mpya. Imani ya kale ya watu hao, vilevile, ilimtaja Looaa, mwenye uwezo uliohusishwa na jua, kwa sura ya mama. Ingekuwa kupita kiasi kudai kwamba unovisi, yaani mwaka wa kutengwa na kufundwa kabla ya nadhiri, ulichukua nafasi ya marmo. Malengo ya viwili hivyo yanapingana, kwa kuwa kimoja kilimwandaa msichana kuolewa na kingine humwandaa kutoolewa. Hata hivyo, bibi aliyesikia kwa mama yake habari za kutengwa huko asingeshangazwa na wazo la binti kuondoka nyumbani, kufundishwa na wanawake wenzake nyuma ya mlango uliofungwa, na kurudi akiwa mtu mwingine. Jambo ambalo lingemshangaza ni kwamba binti huyo harudi.

Malezi yenyewe huenda kwa hatua, na sheria ya Kanisa imeweka viwango vya chini ambavyo kila shirika huviongezea vyake. Msichana huanza kwa kujulikana na paroko wake na mkurugenzi wa miito, mara nyingi kupitia semina za likizo au Dominika ya Mchungaji Mwema, ambayo tangu mwaka 1964 ni siku ya kuombea miito duniani kote. Huandika barua ya kuomba, akaambatanisha vyeti vya ubatizo, kipaimara na shule, na mashirika mengi siku hizi hudai awe amemaliza angalau kidato cha nne. Akikubaliwa huwa aspiranti, mtu anayetazama na kutazamwa, kisha postulanti, na hapo huanza kuishi ratiba ya nyumba bila kuwa na wajibu wa kisheria. Unovisi hauwezi kuanza kabla ya miaka 17, hauwezi kupungua miezi 12 wala kuzidi miaka miwili, isipokuwa kwa nyongeza fupi. Nadhiri za kwanza ni za muda, na kipindi hicho kwa kawaida hakipungui miaka mitatu wala hakizidi sita, ingawa kinaweza kurefushwa hadi tisa; nadhiri za daima hazipokelewi kabla ya miaka 21. Ukijumlisha hatua zote, Kanisa humpa mtu muda mrefu zaidi wa kughairi utawa kuliko linavyompa wa kughairi ndoa, na pengine wachumba wangefaidika na utaratibu wa namna hiyo.

Siku ya nadhiri za daima ni sherehe ya parokia nzima, na ndugu wa sista hufika kwa malori na mabasi madogo ya kukodi, wakiwa na mbuzi, vitenge na magunia ya mahindi. Baada ya mahubiri mwenye kuweka nadhiri hulala kifudifudi sakafuni mbele ya altare huku kwaya ikiimba litania ya watakatifu, na kwa dakika kadhaa kinachoonekana ni nyayo za viatu na shela iliyotandazwa, wakati akina mama nyuma wakijizuia kupiga vigelegele. Akiinuka husoma fomula aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu liturujia inapendelea iwe hivyo, kisha huiweka juu ya altare na kuitia sahihi hapohapo, mahali ambapo baadaye kidogo mkate na divai vitawekwa. Hupewa pete pale ambapo shirika lina desturi hiyo. Ndipo vigelegele hulipuka. Wazazi huitwa mbele kumkabidhi binti yao, na kwa jamii inayohesabu ndoa kuwa makabidhiano kati ya koo mbili, sehemu hii hueleweka kuliko maelezo yote ya kanuni: upande wa pili wa makabidhiano ni shirika, na mahari haipo.

Ni kawaida kuuhesabu wito wa namna hii kwa jubilei, yaani maadhimisho ya miaka 25, 50 na hata 60 ya nadhiri. Lakini Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, sista wa shirika la Jamaa Takatifu mashariki ya Kongo, aliyeweka nadhiri zake za kwanza Agosti 1959, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kukataa kuivunja nadhiri ya usafi wa moyo. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 1985, na hakufikisha hata miaka sita ya utawa. Picha yake hutundikwa katika nyumba nyingi za malezi katika nchi zinazozungumza Kiswahili, na wanovisi hujifunza mapema kwamba maneno ya maisha yote hayasemi chochote kuhusu urefu wa maisha.

Ufukara huonekana vizuri zaidi katika mambo madogo. Karatu ni baridi mwezi Juni na Julai, na kengele ya alfajiri inapolia masista hushuka kanisani wakiwa na sweta juu ya kanzu kwa ajili ya Masifu ya Asubuhi, sehemu ya kwanza ya Sala ya Kanisa, ambayo ni zaburi zilizogawanywa kwa saa za siku. Hufuata misa, uji, kisha kila mmoja kazini kwake. Udongo mwekundu hupanda kwenye pindo za kanzu nyeupe hadi karibu na magoti, na jioni huonekana mabeseni ya kuloweka yakiwa na maji yenye rangi ya matofali. Sista muuguzi au mwalimu anaweza kuwa na mshahara wa serikali uliowekwa benki kwa jina lake, lakini kwa mujibu wa kanuni anachokipata kwa kazi yake ni mali ya shirika, hivyo mshahara huingia katika mfuko wa jumuiya, yaani kundi la masista wanaoishi nyumba moja, naye huomba nauli, sabuni na dawa ya meno kama wengine. Mwenzake asiye na mshahara, anayelisha nguruwe na kukamua ng'ombe, huomba kwa mlango uleule. Nadhiri hii ndiyo inayojaribiwa zaidi siku hizi, wakati ndugu wanapompigia simu sista mwenye ajira wakitaka ada za wadogo zake, na jibu lake, kwamba hana fedha, huonekana kuwa uongo kwa kila anayejua kiwango cha mishahara ya wauguzi.

Serikali nayo imegusa wito huu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za Kanisa mikononi mwa taifa, na masista waliokuwa wakiziongoza walijikuta ama watumishi wa serikali ama bila kazi waliyoizoea. Ni mwaka 1992 tu ndipo makanisa na serikali walipotia sahihi hati ya maelewano juu ya elimu na afya. Katikati ya kipindi hicho, Oktoba 1970, Rais Julius Nyerere alizungumza huko New York mbele ya masista wa Maryknoll, akisisitiza kwamba Kanisa lisilosimama waziwazi dhidi ya miundo inayowafanya watu kuwa maskini litapoteza maana yake. Mwaka uliotangulia nchi yake ilikuwa imezichukua shule za mashirika, na sasa alikuwa akiyaambia mashirika kwamba hayajafanya vya kutosha; alikuwa na haki ya kusema hivyo, na wao walikuwa na haki ya kutabasamu.

Utii ndio unaoleta barua ya uhamisho. Mamlaka ya shirika, yaani Mama Mkuu na halmashauri yake, hupanga kila mwaka au kila baada ya miaka michache nani aende wapi, na barua humfikia sista aliyekwisha kujifunza lugha ya mahali, kujua majina ya watoto wa kliniki na kupanda miche ya parachichi ambayo haijazaa bado. Watawa wa Mtakatifu Benedikto huweka nadhiri ya kudumu katika monasteri moja. Masista wa kitume hawana nadhiri hiyo, na ahadi yao ya daima ni kwa shirika, si kwa Karatu wala kwa Ngorongoro. Ndiyo maana katika maisha ya miaka 50 sista mmoja anaweza kuwa amekaa kanda ya ziwa, pwani na Bonde la Ufa, akasahaulika na kukumbukwa mara nyingi, na wanakijiji wanaomlilia siku ya kuondoka huzungumzia uhamisho huo kama msiba, ilhali yeye, kwa sheria aliyoitia sahihi juu ya altare, hajapoteza chochote alichoahidiwa.

Kutoka Karatu hadi lango la Loduare ni mwendo mfupi, kisha barabara hupanda katikati ya msitu wenye ukungu mpaka ukingo wa kreta, ambako chini yake, mita 600 hivi, sakafu ya takriban kilomita za mraba 260 hufunuka. Ukingoni husimama mnara wa mawe wa kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyefariki kwa ajali ya ndege Januari 1959 akihesabu wanyama wa Serengeti, na la baba yake Bernhard, aliyezikwa hapo miaka mingi baadaye. Magari husimama, wageni hupiga picha. Makaburi ya masista hayamo katika njia hii, kwa kuwa kwa desturi sista huzikwa katika makaburi ya shirika lake, hata kama amefia umbali wa siku mbili kutoka hapo na hata kama ukoo wake umemdai.

Upande wa magharibi wa kreta, njia ya vumbi hutelemka kwenda Endulen, karibu na Laetoli, ambako kikundi cha mtafiti Mary Leakey kilizigundua katika miaka ya 1970 nyayo za viumbe waliotembea wima zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Hospitali ya Endulen, ya Jimbo Kuu la Arusha, ilijengwa katika muongo huohuo kwa juhudi za Herbert Watschinger, padre na daktari kutoka Austria, aliyekwisha kuanzisha hospitali ya Wasso, Loliondo. Kazi ya sista muuguzi katika nchi kama hii haiko wodini peke yake. Kwenye kliniki ya mkoba, yaani huduma inayowafuata watu walipo, gari husimama chini ya mgunga, mizani huning'inizwa kwenye tawi, na mtoto huingizwa katika mfuko wa kitambaa wenye matundu mawili ya miguu, akalia, akapimwa, uzito ukaandikwa kwenye kadi ambayo mama ameihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na ugoro. Chanjo hutoka kwenye kisanduku cha barafu, na barafu ina saa zake. Ikianza kuyeyuka, foleni haisubiri tena salamu ndefu za Kimasai, jambo ambalo wazee hulivumilia zaidi kwa sista kuliko ambavyo wangelivumilia kwa mganga wa serikali.

Huduma hizi zimewahi kuhojiwa na watu wa ndani ya Kanisa lenyewe. Mwaka 1966 padre Vincent Donovan wa Shirika la Roho Mtakatifu, akiwa Loliondo, alimwandikia askofu wake kwamba misheni ina shule na hospitali lakini haina Mkristo mtu mzima wa Kimasai, akaomba ruhusa ya kwenda bomani kuzungumza juu ya Mungu tu; kitabu chake cha mwaka 1978 kilisomwa sana Ulaya na Marekani. Hoja yake ina nguvu, lakini iliandikwa na mtu aliyekuwa na uhuru wa kwenda na kurudi, na haikujali vya kutosha kwamba kwa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa manane, mahali penye taa na sista mkunga hapahitaji kutetewa na teolojia yoyote. Ukweli unaobaki ni kwamba mabinti wa Kimasai wanaoingia utawani ni wachache kuliko wa Kiiraqw, na sababu zake ni za wazi: Ukristo ulichelewa kufika bomani, shule zikachelewa pia, na binti huko mara nyingi huwa amekwisha kuposwa kabla ya umri ambao Kanisa linaruhusu unovisi.

Ngorongoro iliundwa mwaka 1959 kuwa eneo ambamo wanyama, mifugo na watu wataishi pamoja katika kilomita za mraba zaidi ya 8,000, ikiwapokea Wamasai waliotolewa Serengeti. Katika miaka ya 1970 watu waliondolewa kwenye sakafu ya kreta na kilimo kikapigwa marufuku. Na tangu Juni 2022 serikali, ikitaja ongezeko la wakazi kutoka 8,000 hivi hadi zaidi ya 100,000, imekuwa ikiwahamishia watu Msomera, wilaya ya Handeni, uhamisho ambao yenyewe inauita wa hiari na wengi wa wanaohamishwa na wanaowatetea wanakana kwamba ni wa hiari. Hapa tofauti ya aina mbili za kuhama huwa kali. Sista hupokea barua kwa sababu alikwisha kuahidi, baada ya miaka ya kujaribiwa, kwamba ataipokea. Mfugaji hakuweka nadhiri kwa mtu yeyote.

Kwa mashirika yanayotoa huduma huko, jambo hilo limeleta swali la kiutendaji: je, huduma ibaki Endulen pamoja na waliobaki, au iwafuate waliokwenda? Kanuni ya 609 inadai kwamba nyumba ya watawa haifunguliwi bila idhini ya maandishi ya askofu wa jimbo, na Handeni iko Jimbo la Tanga. Ng'ombe walipakiwa kwenye malori wakafika Msomera kwa siku chache. Sista anayetaka kuifuata kliniki yake lazima kwanza Mama Mkuu aridhie, halmashauri ikae, barua iende Tanga, ijibiwe, nyumba yenye kikanisa ipatikane, na wapatikane wenzake wa kuishi nao, kwa kuwa kwa kawaida sheria haimruhusu kukaa peke yake. Na baada ya hayo yote, inawezekana jina litakaloandikwa kwenye barua ya kwenda Msomera likawa la mwingine.